Mama Mkwe Ananipimia kwa Kikombe cha Kahawa

Mama Loisi, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana nakusoma kila wiki na ulimi wako naujua, na safari hii hata mimi najijua kwamba nastahili, ila nipe kwanza nafasi nijieleze.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa hapa hapa Mpwapwa, nimeolewa na Hanifu ambaye ni fundi wa malori, na tunakaa nyumba moja na mama yake mzazi, Bi Sabiha, na kazi yangu ni udalali wa mahindi kule Kibaigwa, nimeifanya tangu mahindi yalipoachiwa huru kila mtu akauza anakotaka, na sokoni jina langu la kuzaliwa hawalijui kabisa, wananiita Lumbesa, yaani lile gunia linaloshindiliwa kupita kiasi mpaka linaota kilemba juu, na mimi nilikuwa naitika na kucheka, maana ukinuna sokoni hufanyi biashara, lakini kila nilipoitika moyo uliniuma.

Mwaka juzi nikaambiwa nina sukari. Dada yangu Stara ni sukari hiyo hiyo iliyomkatisha mguu na baadaye ikamchukua yeye mwenyewe, kwa hiyo nikaacha vitumbua, nikaacha chai ya maziwa, nikatembea kwa miguu mpaka viatu vikaisha soli, uzito ukagoma. Ndipo nikapelekwa kwa Daktari Sostenes, kijana wetu aliyesomea upasuaji ng'ambo akarudi, yuko hospitali moja ya Dodoma mjini ambayo sitaitaja, akanieleza kwamba ipo operesheni ya kupunguza mfuko wa tumbo, sehemu kubwa inakatwa na kuondolewa, linabaki tumbo dogo la kushiba haraka, na akaniambia nafasi itakayobaki ni ya kikombe kimoja cha kahawa, si bilauri, si kikombe cha chai, kile kidogo cha kaure kisicho na mkono. Akataka kilo zangu. Mizani yao inaishia mia na thelathini, ikagota. Akaniambia nikapimwe popote penye mizani kubwa, na mimi popote ninapopajua ni Kibaigwa, nikawahi asubuhi kabla madalali wenzangu hawajafika, nikapanda kwenye mizani ya magunia, kilo mia na arobaini na sita, mwenye mizani akaniandikia kwenye karatasi bila kutamka neno wala kutabasamu, na mpaka leo namwombea dua.

Sasa kosa langu ni hili. Bi Sabiha ni mama mwenye heshima zake, sala tano hazimpiti, na ulimi wake haujawahi kusema uongo hata wa kumnyamazisha mtoto anayelia, na mimi ndiye fahari yake, niliingia nyumbani kwake mwembamba kama ufito na kila kwenye harusi anawaambia wenzake mtazameni mkwe wangu, kwangu hakuna njaa. Nitamwambiaje kwamba mwili alionijengea kwa miaka kumi na saba nakwenda kuukatisha kwa kisu? Na la pili, unajua mtu akipungua ghafla siku hizi watu wanasemaje, hawasemi sukari, wanasema amekanyaga waya, yaani ana virusi, na mumewe naye anaanza kuhesabiwa siku. Nikamweleza Hanifu hofu yangu, yeye akaona jambo jepesi kabisa, akaniambia mwambie Mama ni uvimbe kwenye kizazi, wanawake wengi wanao, yaishe. Nikamwambia Mama ni uvimbe kwenye kizazi.

Mama Loisi, hayakuisha, ndiyo kwanza yakaanza. Kwetu sisi mwanamke akiguswa kizazi, awe amejifungua au ametolewa uvimbe, anahesabiwa mzazi, anawekwa ndani arobaini, analishwa uji wa samli na pilipili manga asubuhi, supu ya kuku saa nne, mchana wali, jioni uji tena, anakandwa kwa maji ya moto na anafungwa mkaja tumboni, ile nguo ndefu ya kubana tumbo lirudi, na mwenye kazi hiyo ni mama mkwe. Sijamaliza kusema neno uvimbe, Bi Sabiha ameshatoa mkaja sandukuni na ameshaagiza samli. Yaani mimi niliyekuwa nakwenda kukatwa tumbo nisiweze kula, nilijitia kwa mdomo wangu mwenyewe kwenye mikono ya mtu wa kunilisha siku arobaini.

Ya wodini nitakusimulia pia, maana najua wapo wasomaji wako wanaotaka kujua na hawana wa kumuuliza. Nililazwa Jumapili, nesi mmoja anaitwa Anitha akanitoa damu, akanisomea fomu nikatia sahihi, akaniambia tangu jioni kisipite kitu kooni. Jumatatu nikasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu mpaka chumba cha upasuaji, baridi kama Julai ya kule kwetu, mtu aliyejifunga mdomo akaniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka kumi, dalali mzima nikaishia nane. Nikazinduka koo limekauka, mpira puani, mpira wa mkojo, dripu mkononi, na mshono kuanzia chini ya kifua mpaka juu kidogo ya kitovu, nikagusa plasta nikasema Alhamdulillahi, niko hai. Nilidhani sasa nitaachwa nilale. Wapi. Jioni ile ile Anitha akanikalisha, kesho yake akanisimamisha nitembee mpaka dirishani na dripu langu, anasema damu ikilala miguuni inaganda, na kila saa ananipa glavu niipulize kama puto mapafu yafunguke, na nikitaka kukohoa nikumbatie mto. Siku ya pili wakanipa dawa ya kunywa nikapigwa picha kuangalia kama tumbo linavuja, halikuvuja, wakanitoa mpira puani na kuniruhusu maji, kizibo kimoja cha chupa ya soda kila baada ya robo saa. Kizibo, Mama Loisi. Mimi.

Sasa Bi Sabiha alifikia kwa ndugu zake hapo hapo mjini, na saa ya kutazama wagonjwa ikifika yeye ndiye wa kwanza mlangoni na hotipoti mbili. Kitandani kwangu kulitundikwa kibao kimeandikwa HALI KITU, na mimi, nisamehe, nilikigeuza kikatazama ukutani. Kitanda cha jirani alikuwepo dada mmoja wa Kibakwe anaitwa Ruthu, ameanguka mlimani na mzigo wa kuni akavunjika mguu, tumbo lake zima na ndugu zake mbali. Bi Sabiha akishanimiminia uji hutoka kwenda kuswali adhuhuri barazani, na mimi hapo ndipo nampa Ruthu bakuli, anamaliza, ananirudishia, Mama akirudi anaona bakuli jeupe anasema mashallah na kunishukia na dua. Siku mbili zikapita hivyo. Ruthu mwenyewe akaniambia, dada, mie sikatai, ila huyu mkweo ananinenepesha mie badala yako.

Alhamisi Ruthu akachukuliwa kwenda kupigwa picha ya mguu saa ile ile ya uji, na Bi Sabiha akasema leo ameswali njiani, akavuta kiti akakaa kunitazama. Mama mtu mzima ameamka alfajiri, ameviringisha hotipoti kwenye kitenge isipoe, ananitazama nile. Nikaona haya. Nikanywa nusu kikombe cha chai cha ule uji wa samli. Haikupita dakika tano, maumivu yakanishika chini ya kifua mpaka jasho likalowesha shuka, nikatapika, Anitha akaja mbio, akageuza kile kibao, akakisoma, akanitazama. Daktari akaitwa, nikarudishwa kupigwa picha, na muda ule wote wa kungoja majibu nilikuwa namwona dada Stara tu. Mshono ulikuwa umeshika. Daktari alipotamka kwamba haujafumuka nililia kama mtoto, kwa furaha, halafu akanigombeza mbele ya wodi nzima nikalia tena. Kisha akamchukua Bi Sabiha wakasimama barazani, nawaona kwa dirishani, yeye anaeleza kwa mikono, Mama ameshika mfuniko wa hotipoti anatikisa kichwa. Aliporudi alininyooshea shuka, akaniambia pole mwanangu, basi.

Kesho yake hakuja na hotipoti. Alikuja na chupa ya chai na kikombe cha kahawa kimefungwa kwenye leso, kile cha kaure cha marehemu baba mkwe anachosafiri nacho popote, akamimina supu iliyochujwa mpaka imekuwa kama maji, kikombe kimoja, akangoja ninywe kidogo kidogo mpaka kiishe, hakuongeza. Siku hiyo nilikuwa nimeondolewa mipira yote, akaniogesha yeye mwenyewe, na mkaja alikuwa nao mkononi, lakini tulipofika kwenye kuufunga akaukunja akaurudisha kwenye mkoba, akasema joto limezidi. Jumapili nikaruhusiwa kurudi nyumbani.

Leo ni siku ya thelathini na mbili. Mama Loisi, siwezi kukuficha, nina raha. Sukari imeshuka, viatu vya miaka mitano nyuma vinaingia, na juzi nilipokwenda kliniki mizani ya hospitali imenisoma, mia na ishirini na nane, imenisoma. Na muda wote huu Bi Sabiha ananilisha kwa kile kile kikombe, uji kikombe kimoja, viazi vilivyopondwa kikombe kimoja, mlenda kikombe kimoja, hasemi kwa nini na mimi sisemi.

Lakini wiki iliyopita majirani watatu walikuja wakakaa naye kibarazani, mimi niko nyuma ya pazia, mmoja akauliza mkweo anakwisha, kulikoni, na Bi Sabiha akawajibu, "Uvimbe wenyewe ulikuwa kama boga. Wewe ungetolewa boga tumboni ungebaki na kilo zako?" Wakacheka, wakaaga. Walipoondoka alibaki peke yake pale kibarazani na tasbihi anasema astaghfirullah, astaghfirullah, muda mrefu sana.

Naomba unisaidie. Anajua, au daktari alimpa kipimo tu cha chakula bila kumwambia sababu? Kama anajua mbona kimya? Hanifu anasema niache, jambo limeshapita, nisiamshe aliyelala. Lakini Shaaban inaisha, siku kumi zijazo ni vunja jungu, ukoo mzima wa mume wangu utakuja hapa kula tuagane na chakula cha mchana, masinia ya pilau yatatandazwa, na watu wataombana radhi kabla ya mfungo, na mimi daktari amenikataza kufunga kwa sasa. Nitakaa kwenye sinia na uso gani? Jina langu usilitoe.

Lumbesa wa zamani, Mpwapwa

MAMA LOISI ANAJIBU

Lumbesa wa zamani, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa langu. Sasa kaa vizuri.

Kwanza nimefurahi. Nimefurahi kuliko nitakavyoonyesha huko chini, kwa hiyo likumbuke hili wakati nakugombeza. Nimezika wengi wa sukari, najua mguu unavyoanza kwa kidonda cha ukubwa wa harage. Wewe umeona yaliyompata dada yako, ukatafuta njia, ukapanda mizani ya magunia kwa miguu yako mwenyewe. Huo ni ujasiri, na sitaki mtu akuambie vinginevyo.

Lakini kile kibao. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji miaka ishirini na sita, na nakuambia hatukitundiki kwa urembo. Tumbo lililoshonwa juzi ni nguo mbichi, ukilijaza linaachia, na likiachia, uchafu unamwagika ndani na mtu anaondoka kwa siku mbili. Ulikuwa na watoto wa kike wawili waliosomea kazi yao, daktari na mwenziwe... samahani, daktari ni mwanamume, umenikasirisha hata nachanganya. Ulikuwa na daktari na nesi wanahangaika uishi, na wewe ukageuza kibao ukutani kwa kuona haya ya uji. Haya gani hiyo ya kufia? Kama Ruthu asingekuwa na hamu ya kula, leo barua hii angeniandikia Hanifu. Ukienda kliniki, msalimie Ruthu kama bado yupo, na umpelekee kitu. Amekuokoa kwa bakuli.

Na ninyi wasomaji mnaofikiria operesheni kama hiyo, alivyosimulia mwenzenu ndivyo ilivyo: kutokula tangu jioni, baridi, mipira, kusimamishwa mapema, kupuliza glavu, maji kwa kizibo. Ameacha machache. Mtachomwa sindano ndogo za kuzuia damu isigande, msizikatae. Siku ya tatu au ya nne wengi hulia bila sababu, mjue ni mwili unaomboleza, kesho yake mnacheka. Baadaye nywele hupungua kwa miezi, zitarudi. Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Chakula na maji visiende pamoja. Na la muhimu kuliko yote, kabla hujatia sahihi ile fomu, mwambie daktari nani atakupikia ukitoka, na huyo mpishi umlete aelezwe. Mpishi asipoambiwa, operesheni iko nusu.

Turudi kwako. Unaniuliza Bi Sabiha anajua au hajui.

Mwanangu, wewe unapima mahindi kwa jicho, gunia likiwa limelowa unalijua kabla halijashushwa. Kizazi cha mwanamke kiko wapi? Kiko chini ya kitovu. Anayetolewa uvimbe wa kizazi anapasuliwa chini, kwenye pindo la nguo. Wewe umeniandikia kwa mkono wako kwamba mshono umeanzia chini ya kifua ukaishia juu ya kitovu. Bi Sabiha amezaa, amekanda wazazi wa ukoo mzima, amefunga mikaja kuliko mimi nilivyofunga bandeji, na siku ile alikuogesha. Aliushika mkaja, akatazama mshono, akaona hauna kazi hapo. Joto limezidi wapi? Kama daktari alimwambia barazani au hakumwambia, hilo halina uzito tena. Tumbo lako lilimwambia.

Sasa kwa nini amenyamaza? Hapa mimi niliweka kalamu chini nikanywa maji. Amekusitiri. Aliona umemficha, akajua unaogopa, hakutaka kukuvua nguo mbele ya hofu yako. Angeweza kukuuliza pale pale bafuni na ungekufa kwa aibu. Badala yake aliukunja mkaja, akaendelea kukupimia kwa kikombe cha marehemu mumewe. Wapo wanawake wana mama zao wa kuwazaa na hawajawahi kutendewa hivyo.

Ila tazama ulichomtwisha. Mama ambaye hajawahi kumdanganya hata mtoto, sasa anakaa kibarazani kwake anatunga maboga. Anadanganya majirani zake wa miaka arobaini, halafu anabaki na tasbihi anaomba msamaha kwa uongo ambao si wake. Hanifu mpe salamu zangu, na umwambie Mama Loisi amesema hivi: uongo alioutunga yeye kwa sentensi moja anaubeba mama yake kila alasiri. Anayekuambia usiamshe aliyelala hajatazama vizuri. Katika nyumba yenu hakuna aliyelala.

Kwa hiyo jibu ni kwamba utasema, na hutangoja vunja jungu. Radhi inayoombwa mbele ya masinia, watu wanapeana mikono kwa safu, ni nzuri kwa makosa ya jumla. Hili lako ni la watu wawili. Siku utakayopata bahasha hii, ukishaswali alasiri, ingia jikoni mwenyewe. Chemsha kahawa, tia tangawizi kama anapenda. Chukua kile kile kikombe anachokupimia, umtilie yeye, umpelekee, kaa kwenye mkeka chini yake. Usianze tangu Kibaigwa, nakujua kwa barua yako kwamba utaanza tangu Kibaigwa. Sema haikuwa uvimbe, nilikatwa tumbo kwa sababu ya sukari, nilikuficha kwa kuogopa, nisamehe. Halafu funga mdomo, umwache anywe.

Majirani uwaambie wewe mwenyewe, usimtume yeye tena. Waambie sukari na upasuaji, kwa sauti ya sokoni. Atakayetaka kusema waya atasema, na kwa hilo nina neno na wasomaji wote: hata huyo mwenye virusi si wa kuhesabiwa siku kibarazani, ni wa kupelekewa uji. Kuhusu mfungo, mimi ni mtu wa kanisa, sina mamlaka hapo, chukua maneno ya daktari umpelekee shehe wako akuongoze. Na kwenye sinia utakaa na uso wako mwenyewe, ambao nasikia umepungua mashavu.

Majibu haya nimeyaweka kwenye bahasha nikampa kondakta wa basi la Mpwapwa, yafike kwa anwani uliyoandika nyuma, kwa sababu Shaaban haingoji gazeti. Wasomaji mnayasoma baada yake. Alichonijibu nakiweka hapa chini kwa ruhusa yake, nami sina la kuongeza.

Mama Loisi

BARUA YA PILI

Mama Loisi, shikamoo tena. Bahasha ilifika Jumanne, na Jumanne hiyo hiyo nilichemsha kahawa. Niliimwaga kidogo kwenye mkeka. Nilisema yale maneno kama ulivyoyapanga, ingawa pale katikati nilitaka kuanzia Kibaigwa, nikakumbuka.

Bi Sabiha alikunywa mpaka akamaliza kikombe. Alikiweka chini, akanishika mkono, akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe tu. Lile boga limenichosha kubeba."

Tukacheka mpaka Hanifu akatoka uani na spana mkononi kuuliza kuna nini, naye Mama akamwambia akae, zamu yake imefika. Alichoambiwa sikiandiki, lakini tangu siku hiyo anaosha vyombo vyangu vya kupondea viazi bila kutumwa. Nilimuuliza Mama kama amenikasirikia kwa ule mwili alionijengea. Akaniambia alikuwa ananilisha kwa sababu niliingia kwake nimefiwa na mama na nimekonda, alitaka nikae, na kwamba sasa ananilisha kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Jana ilikuwa vunja jungu. Ukoo wote ulikuja, na wale majirani watatu pia. Masinia ya pilau yakatandazwa, mawifi wakaanza kunisogezea upande wenye nyama kama kawaida yao, na mimi nikawa natafuta pa kuanzia. Bi Sabiha akasimama katikati ya watu na kile kikombe cha kaure, amekijaza viazi vya pilau vilivyopondwa na mchuzi, akakiweka mbele yangu. Akasema kwa sauti ambayo hata wa kibarazani waliisikia, "Mkwe wangu amepasuliwa tumbo kwa ajili ya sukari, si uvimbe, mimi niliwaambia uongo na nawaomba radhi. Chakula chake ni hiki. Atakayemwongezea hata kijiko, atanijibu mimi."

Hakuna aliyeongeza. Nilikula mpaka kikombe kikaisha, nikashiba.

Jina langu sasa unaweza kulitoa. Mimi ni Anifa, mkwe wa Bi Sabiha.